SIKU YA SHABAHA: VIFAA VINAVYOSAHAULIWA NA SABABU YA KUVIKUMBUKA

Askari wa vikosi, walinzi wa mali na raia wenye vibali vya kumiliki silaha hulazimika mara kwa mara kwenda kiwanjani kufanya mazoezi ya kulenga shabaha. Safari hiyo haianzii kwenye lango la kiwanja. Huanzia nyumbani au ofisini, jioni ya siku iliyotangulia, pale vifaa vinapokusanywa na kutiwa katika mkoba.

Ni nadra mtu kusahau bunduki au risasi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyompeleka kiwanjani. Vinavyosahauliwa ni vile visivyopiga risasi: vikinga masikio, miwani, sabuni, maji, ufito wa kusafishia mtutu na sanduku la huduma ya kwanza. Mtu huviona kuwa ni vya ziada. Hata hivyo, vifaa hivyo ndivyo vinavyomwezesha kurudi nyumbani akiwa mzima na kuendelea na kazi yake kesho yake. Kwa hivyo, inapasa vitiwe katika mkoba mwanzo, kabla ya kitu chengine chochote. Yafuatayo ni maelezo ya kila kifaa pamoja na sababu yake.

1. MASIKIO

Kishindo cha bunduki ndogo kabisa hufikia kiasi cha desibeli 140, na bunduki nyingi hupita desibeli 150. Shirika la Afya Duniani limeweka desibeli 140 kuwa kikomo cha juu cha kishindo cha ghafla kwa sikio la mtu mzima, na desibeli 120 kwa mtoto. Maana yake ni kwamba hata mlio mmoja unaweza kuleta madhara.

Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana ambazo hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kwa binadamu, chembe hizo zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirejesha. Dalili ya mwanzo ni mvumo usiokwisha masikioni, kisha sauti nyembamba hupotea moja baada ya nyengine. Mtumishi aliyefikwa na hali hiyo hushindwa kufuata mazungumzo ya kikao, hujibu simu kwa kubahatisha, na nyumbani huitwa na wanawe asisikie. Kwa kuwa haumwi, hupitisha miaka mingi akidhani kuwa watu wengine ndio wanaonong'ona.

Kinga ni ya aina mbili: viziba vya sponji vinavyoingizwa ndani ya sikio, na vikombe vinavyofunika sikio kwa nje. Kwa silaha za moto inashauriwa vitumike vyote viwili kwa pamoja. Kiziba cha sponji kisokotwe kwa vidole mpaka kiwe chembamba, sikio livutwe juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiziba kiingizwe, kisha kishikiliwe kwa kiasi cha nusu dakika mpaka kitanuke. Kiziba kilichobandikwa mlangoni mwa sikio hakikingi. Pamba ya kawaida nayo haikingi.

Vikombe hufanya kazi pale tu vinapogusa ngozi pande zote. Mtandio mzito, kofia iliyoshuka masikioni au mikono minene ya miwani huacha upenyo, na sauti hupita hapo. Anayevaa hijabu ahakikishe viziba vya sponji vimekaa barabara ndani ya masikio kabla ya kujifunga, kisha vikombe viwekwe juu ya kitambaa chepesi kisichokunjamana.

2. MACHO NA MAVAZI

Risasi inapopigwa, gesi ya moto hutoka, na ganda lake huruka kando likiwa bado linaunguza. Pengine vipande vidogo vya chuma hurudi kutoka kwenye shabaha. Miwani ya kusomea haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Inayotakiwa ni miwani ya kinga yenye vioo vya plastiki ngumu isiyopasuka, inayofunika na pembeni mwa macho. Anayetumia miwani ya kusomea avae ile ya kinga juu yake.

Kofia yenye ukingo wa mbele huzuia ganda la moto lisiangukie kati ya jicho na miwani. Shati lifungwe mpaka shingoni, kwa sababu ganda likiingia kifuani mtu huruka na kugeuka, na bunduki hugeuka pamoja naye. Viatu viwe vya kufunika miguu, kandambili hazifai. Kitambaa chochote kinachoning'inia kifungwe vizuri ili kisinase kwenye silaha.

3. SILAHA NA RISASI ZAKE

Mwenye silaha achukue kibali chake. Silaha isafirishwe ikiwa tupu, ndani ya mfuko wake au sanduku linalofungwa, na risasi ziwe mahali mbali nayo. Wapo wanaohifadhi bolti ya bunduki mbali na bunduki yenyewe kwa ajili ya usalama. Hao wahakikishe kwamba bolti imo katika mkoba, kwani bila hiyo safari nzima itakuwa ya bure.

Risasi ziwe za kipimo kilichoandikwa kwenye mtutu, na vipimo viwili tofauti visichanganywe katika mkoba mmoja. Mfano unaojulikana ni wa bunduki za marisau. Risasi ya kipimo cha 20 ni nyembamba kuliko ya kipimo cha 12. Ikitiwa kwa makosa katika bunduki ya kipimo cha 12, huteleza na kunasa ndani ya mtutu. Mpigaji akitazama chemba huiona tupu, hutia risasi iliyo sahihi, na anapofyatua mtutu hupasuka karibu na mkono wake. Ndiyo maana maganda ya kipimo cha 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano.

Ufito wa kusafishia mtutu nao usiachwe nyumbani kwa kudhaniwa kuwa ni wa kazi ya jioni. Pale risasi inapotoa mlio dhaifu kuliko kawaida, huenda imekwama ndani ya mtutu, na risasi ya pili ikipigwa nyuma yake italeta maafa. Mpigaji asimame papo hapo, aelekeze mtutu kwenye shabaha, amwite mkuu wa uwanja, na baada ya silaha kutolewa risasi mtutu ukaguliwe kwa ufito. Aidha, ichukuliwe ile alama ya rangi inayochomekwa ndani ya chemba, ili kila mtu aone kwa mbali kuwa silaha haina kitu.

Visiwani hewa ina chumvi ya bahari, na chuma hushika kutu upesi. Kitambaa kikavu na kichupa cha mafuta ya silaha ni vya lazima, hasa wakati wa masika.

4. SABUNI NA NGUO ZA KUBADILISHA

Katika lugha yetu neno "risasi" ni jina la kitu kinachopigwa na ni jina la madini yaliyomo ndani yake. Madini hayo ni sumu. Vumbi lake hutoka kwenye risasi yenyewe na, kwa risasi nyingi, kwenye fataki iliyo kitakoni mwa ganda, likakaa mikononi, usoni na kwenye nguo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, ambao ubongo wao bado unakua, na mimba zilizomo matumboni.

Kwa hivyo, asile wala kuvuta sigara yeyote aliyeko kwenye mstari wa kupigia. Mikono na uso vioshwe kwa sabuni na maji kabla ya kugusa chakula. Nguo zibadilishwe kabla ya kumpakata mtoto, na zifuliwe mbali na nguo za wengine nyumbani. Kipande cha sabuni, dumu la maji na shati la pili havina gharama kubwa, lakini ndivyo vinavyozuia sumu hiyo isiingie nyumbani.

5. MAJI, KIVULI NA HUDUMA YA KWANZA

Jua la kaskazi, kati ya Disemba na Machi, humchosha mtu kabla hajatambua. Aliyechoka na mwenye kiu hutetemeka mkono na husahau amri. Yachukuliwe maji ya kunywa ya kutosha kwa siku nzima, yawe katika chombo tofauti na dumu la kuoshea mikono.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bendeji pana, vitambaa safi vya kukandamizia jeraha, mpira wa kufungia mkono au mguu unaotoka damu kwa wingi, glavu na mkasi. Jeraha la risasi linaweza kumwaga damu ya kuua katika muda wa dakika chache, nao ni muda mfupi kuliko safari ya kutoka kiwanjani hadi hospitali. Kabla ya risasi ya kwanza kupigwa, ijulikane ni gari gani litakalombeba majeruhi, nani ataliendesha, na nani atapiga simu. Gari hilo lisitumwe kwengine mpaka mazoezi yamalizike.

6. KWA NINI ORODHA IANDIKWE

Wapo wanaoona kuwa mtu mwenye uzoefu hahitaji karatasi. Mfano wa kujibu hoja hiyo unatoka katika kazi nyengine yenye hatari, nayo ni urubani. Tarehe 30 Oktoba 1935, ndege mpya ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilianguka mara tu baada ya kuruka katika uwanja wa Wright Field, Marekani, na watu wawili wakapoteza maisha. Rubani alikuwa mzoefu na injini hazikuwa na kasoro. Kilichosahauliwa ni kufungua kifungio kinachozuia sehemu za kuongozea ndege zisitikiswe na upepo ndege ikiwa imesimama. Baada ya ajali hiyo marubani waliandikiwa orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka. Ndege ya aina hiyo, iliyopewa jina la B-17, ikaja kutengenezwa zaidi ya 12,000.

Funzo lake ni kwamba uzoefu hauzuii usahaulifu, na pengine huuongeza, kwa sababu mzoefu hutenda bila ya kufikiri. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha iwe ya ukurasa mmoja, ibandikwe ndani ya kifuniko cha mkoba, na isomwe kwa sauti mara mbili: usiku wa kuamkia siku ya shabaha, na asubuhi kabla ya kuondoka. Kinachosomwa kishikwe kwa mkono. Kukitazama kwa mbali hakutoshi.

Kwa upande wa wasimamizi, inafaa kila kiwanja kiwe na akiba ya viziba masikio na miwani michache. Asiyekuwa na kinga ya masikio na macho asiruhusiwe kufika kwenye mstari, awe askari mpya au mkuu wa idara aliyekuja kutazama kwa dakika tano. Cheo hakizibi masikio.

7. KWA WAKAAZI WA KARIBU NA VIWANJA

Bendera nyekundu inapopandishwa ni ishara kuwa mazoezi yanaendelea. Watu wasipite, wasichunge mifugo wala kukata kuni katika eneo hilo mpaka bendera iteremshwe. Ifahamike kuwa hata risasi ndogo ya kipimo cha .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na zile za bunduki kubwa huenda mbali zaidi ya hapo. Ukimya wa dakika chache si dalili ya kumalizika kwa mazoezi. Huenda wapigaji wanabadilisha shabaha tu.

Wazazi wawakanye watoto wasiokote maganda wala kuchimba udongo wa kilima cha shabaha, kwa sababu udongo huo una madini yaliyoelezwa hapo juu, na miongoni mwa maganda huenda ikawamo risasi ambayo haijapigwa. Atakayeokota risasi nzima asiigonge wala asiitupe motoni. Aiache ilipo na atoe taarifa kituo cha Polisi kilicho karibu.

MUHTASARI WA ORODHA

(a) Viziba vya sponji na vikombe vya masikio.
(b) Miwani ya kinga, kofia ya ukingo, viatu vya kufunika.
(c) Sanduku la huduma ya kwanza, na gari lililotengwa.
(d) Maji ya kunywa. Maji ya kuoshea, sabuni na nguo za kubadilisha.
(e) Kibali, alama ya chemba, ufito, kitambaa na mafuta.
(f) Silaha, bolti yake, na risasi za kipimo chake tu.

Silaha imewekwa mwisho kwa makusudi, kwani hiyo haisahauliki. Yaliyo juu yake ndiyo yanayohitaji kukumbushwa, na kila mwenye kwenda kiwanjani anaombwa aikate orodha hii na kuiweka katika mkoba wake.