Maumivu chini ya kitovu: kabla hujamshuku mwenzio, ulizia maji

Kuna ugomvi wa chumbani ambao wapenzi wengi wa Kanda ya Ziwa wanaujua, ila hawausimulii. Dada anaumwa chini ya kitovu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tendo la ndoa limegeuka adhabu, na mara nyingine baada ya hapo anaona damu. Duka la dawa limempa vidonge vya UTI. Zahanati imeandika PID. Shangazi anasema ni chango, kaleta na mizizi ya kuchemsha. Dozi inaisha, maumivu yanarudi. Hapo ndipo swali la hatari linapoingia: "Hivi huu ugonjwa umeutoa wapi?"

Makala haya ni kwa ajili yenu wawili, kabla swali hilo halijavunja nyumba.

Swali lenyewe lina mantiki

Tusidanganyane. PID ni maambukizi ya kizazi na mirija yake, na mara nyingi chanzo ni magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia. Ndiyo maana mwanamke akitibiwa PID, mwenzi wake naye huitwa atibiwe.

Tena Mwanza ina jina kubwa kwenye habari hii. Kati ya mwaka 1991 na 1994 utafiti uliofanyika vijijini mkoani humo ulionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Dunia nzima iliusikia. Tiba ile ilikuwa ya kufuata dalili: mgonjwa anaeleza anavyojisikia, anapewa dawa siku hiyo hiyo, hasubiri majibu ya maabara.

Ni njia iliyosaidia watu wengi. Lakini dalili zina tabia ya kufanana, na kuna ugonjwa mmoja wa kanda hii unaoiga magonjwa ya zinaa vizuri mno. Kinaitwa kichocho.

Kumbe si cha watoto tu

Wengi wetu tukisikia kichocho tunamfikiria mtoto wa shule anayekojoa damu. Ukweli ni mpana zaidi. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache tu, wakati unaoga, unafua, unavua, unalima mpunga au unaogelea. Vikikomaa vinakuwa minyoo, dume na jike, wanaoishi wamekumbatiana ndani ya mishipa yako ya damu kwa miaka. Ndoa imara kweli, ila gharama unalipa wewe.

Shida kubwa ni mayai. Mengine hutoka nje, mengine hunasa kwenye nyama za mwili na kuleta uvimbe na makovu. Huku kwetu kuna aina mbili. Ya tumbo imetawala ufukwe wa ziwa na visiwa kama Ukerewe. Huleta maumivu ya tumbo, kuharisha na damu kwenye choo. Ya njia ya mkojo inapatikana zaidi kwenye madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga, sehemu kama Misungwi, Magu na Kwimba. Hii ya pili ndiyo inayopenda kuweka mayai kwenye kibofu, mlango wa kizazi na uke.

Matokeo yake? Maumivu chini ya kitovu, uchafu ukeni, maumivu wakati wa tendo, damu baada ya tendo, hata kuchelewa kupata mtoto. Sasa sema mwenyewe, nani hatafikiria zinaa? Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 barani Afrika wana kichocho cha sehemu za siri. Wanaume nao hawajasalimika: damu kwenye mkojo au kwenye shahawa inaweza kuwa dalili yake.

Na hapa shika neno moja: kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana. Mwenzio hakukuletea. Maji ndiyo yaliyokuletea.

"Lakini mimi nakaa mjini"

Sawa, unafanya kazi benki, unaishi Capri Point, maji yako ni ya bomba. Je, ulikulia wapi? Likizo za shule ulikuwa unachota maji wapi? Minyoo hii huweza kuishi mwilini miaka mingi, na makovu hubaki hata minyoo ikishakufa. Mtu anaweza kuhama kijiji akahama nacho.

Kwa hiyo ukifika kwa daktari, usiishie kusema "tumbo linauma". Mwambie historia yako ya maji. Omba kipimo cha mkojo na cha choo kwa ajili ya kichocho. Mkojo wa kichocho unafaa zaidi kuchukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana huo ndio muda mayai yanatoka kwa wingi. Na kipimo kikisema hakuna mayai, usifunge jalada. Mayai yanaweza kuwa yamenasa kwenye mlango wa kizazi bila kuonekana kwenye mkojo. Hapo unahitaji daktari wa magonjwa ya wanawake, pale Sekou Toure au Bugando kwa mfano, akuangalie ndani. Mara nyingi huonekana madoa kama punje za mchanga.

Tiba ni vidonge vya prazikwanteli, dozi kwa uzito wa mwili, unakunywa ukiwa umekula. Vinaua minyoo iliyokomaa, ila ile michanga inaweza kupona, ndiyo maana wengine hurudia dozi baadaye. Kama una mimba, mwambie daktari kwanza.

Usikimbilie jibu moja

Kichocho nacho kisiwe kisingizio. Mtu anaweza kuwa na kichocho na klamidia kwa wakati mmoja. Pimeni magonjwa ya zinaa, wote wawili. Pimeni na VVU, kwa sababu utafiti uliotolewa mwaka 2011 kuhusu wanawake wa vijiji vya kanda hii ulikuta VVU zaidi kwa wenye kichocho cha sehemu za siri, ingawa wataalamu bado wanaendelea kuuchunguza uhusiano huo. Kuna pia uvimbe kwenye kizazi, uvimbe wa maji kwenye ovari na endometriosi; hivi huhitaji kipimo cha picha au uchunguzi zaidi.

Na kuna siku ya kutosubiri kabisa. Umekosa hedhi na unaumwa vikali upande mmoja, unasikia kizunguzungu au kuzimia? Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Maumivu yameanzia kitovuni yakashuka upande wa kulia, pamoja na homa na kutapika? Inaweza kuwa kidole tumbo. Huo ni usiku wa kukodi teksi, siyo wa kumeza panadoli.

Nendeni wawili

Kaka, ukimsindikiza umeshamtibu nusu. Kaa naye kwenye benchi, jibu maswali yako, pima na wewe. Dada, kila kipimo na kila dawa uliyokunywa iandike kwenye daftari moja, uende nalo, usianze hadithi upya kila hospitali.

Mkienda kijijini, maji ya kuoga yakichotwa ziwani au lamboni yachemsheni, au yaacheni kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kabla ya kuyatumia. Vimelea havifiki huko. Kuogelea kwenye maji yaliyotulia yenye majani, hasa mchana, ni kujitafutia.

Basi leo jioni, badala ya "umeutoa wapi?", jaribu kumuuliza: "Ulipokuwa mdogo, mlikuwa mnaoga wapi?"