Maria Chapdelaine: Filamu ya Walowezi wa Québec na Watazamaji Wake wa Kigali

Maria Chapdelaine ni filamu ya Kifaransa iliyotoka mwaka 1934, ikiongozwa na Julien Duvivier. Inasimulia maisha ya familia ya walowezi wanaofyeka msitu karibu na Péribonka, kaskazini mwa ziwa Saint-Jean, katika jimbo la Québec nchini Kanada. Mjini Kigali unaweza kuwasikia watu waliosoma enzi za Kifaransa wakiiita filamu ya Kanada, na kumshangaa jirani kutoka Mwanza au Mombasa asiyeifahamu. Jirani huyo hana sababu ya kuona haya, maana hata hao wanaomshangaa wamekosea asili ya filamu. Mwongozaji na waigizaji wakuu walitoka Ufaransa. Kanada ilitoa mandhari, baridi na watu wa kusimuliwa.

Hata riwaya iliyozaa filamu iliandikwa na mgeni. Louis Hémon alizaliwa Brest, Ufaransa, mwaka 1880, akaishi London kwa miaka kadhaa, kisha akavuka bahari kwenda Kanada mwaka 1911. Mwaka uliofuata alifanya kazi ya kibarua katika shamba la mlowezi mmoja huko Péribonka, na alichokiona hapo akakigeuza riwaya. Hakuwahi kuiona imechapishwa: Julai 1913 aligongwa na treni karibu na Chapleau, jimbo la Ontario, akafa. Gazeti la Le Temps la Paris liliitoa kwa mfululizo mwaka 1914, kitabu kikatoka Montréal mwaka 1916. Umaarufu mkubwa ulikuja mwaka 1921, mchapishaji Grasset alipokitoa upya jijini Paris.

Kisa ni cha posa tatu. Maria anampenda François Paradis, kijana wa msituni anayefanya kazi katika kambi za wakata magogo. François anaanza safari ya kumfuata kwa sikukuu za mwisho wa mwaka, anapotelea katika dhoruba ya theluji na kufa. Maria, asiyejua hilo bado, anasali Salamu Maria elfu moja ili arudi salama. Baada ya msiba wanakuja wawili wengine. Lorenzo Surprenant anamwahidi maisha ya mjini Marekani, kwenye taa za umeme na mshahara wa kiwandani. Eutrope Gagnon, jirani, hana cha kuahidi zaidi ya visiki vya kung'oa na baridi ileile. Mama yake Maria anafariki, na binti anamchagua Eutrope.

Kwa mtazamaji wa leo uamuzi huo ni kama adhabu, ila kwa Wakanada wa Kifaransa wa wakati ule ulikuwa jambo la siasa na dini. Kati ya mwaka 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 waliondoka Québec kwenda Marekani, wengi wao wakiishia katika viwanda vya nguo vya majimbo ya kaskazini-mashariki. Mapadre na wanasiasa waliona taifa linamomonyoka, wakahimiza vijana waingie msituni kufungua mashamba mapya. Padre Antoine Labelle ndiye aliyevuma zaidi kwa kampeni hiyo katika karne ya 19. Ndiyo maana Lorenzo, ambaye mama yeyote wa Kariakoo angempokea kwa mikono miwili, anasimama katika kisa hiki kama kishawishi.

Duvivier alipiga picha za nje huko Québec kwenyewe, jambo lisilo la kawaida kwa filamu ya Ufaransa ya miaka hiyo. Madeleine Renaud, mwigizaji wa jukwaa la Comédie-Française, alikuwa Maria. Jean Gabin alikuwa François. Jean-Pierre Aumont alikuwa Lorenzo. Na Alexandre Rignault alikuwa Eutrope. Filamu ilipata Tuzo Kuu ya Sinema ya Ufaransa mwaka 1934. Gabin na Duvivier waliendelea pamoja, wakatoa La Bandera mwaka 1935 na Pépé le Moko mwaka 1937.

Maria Chapdelaine ilitoka wakati mwafaka. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliwaacha watu wa mijini bila kazi, na serikali zikarudia wazo la kuwapeleka maporini, safari hii eneo la Abitibi, Québec. Padre Maurice Proulx aliurekodi uhamisho huo katika filamu yake ya kumbukumbu, En pays neufs, ya mwaka 1937. Mwaka 1949 watu wa Québec walipata filamu ya walowezi waliyoitengeneza wenyewe, Un homme et son péché ya Paul Gury, kuhusu bahili Séraphin anayewakamua wanakijiji wenzake. Filamu hii ya pili haikuwafanya walowezi kuwa watakatifu.

Jambo ambalo filamu ya 1934 haikulipa uzito ni wenye ardhi wa kwanza. Ziwa Saint-Jean ni nchi ya Wainnu, na jamii yao ya Mashteuiatsh ipo ukingoni mwa ziwa hilo hadi leo. Katika kisa, msitu ni adui asiye na mwenyewe, na kila mti unaoanguka ni ushindi. Mtazamaji wa Maziwa Makuu huliona pengo hilo upesi. Mwaka 1937 utawala wa Ubelgiji uliunda Misheni ya Uhamiaji wa Banyarwanda, iliyohamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda kwenda Masisi, Kivu Kaskazini nchini Kongo, hadi mwaka 1955. Nao walifyeka, wakajenga, wakazika wazee wao huko. Lakini ardhi ilikuwa ya Wahunde, na ugomvi uliopandwa wakati ule haujaisha.

Mpangilio wa makazi nao unafanana na ule ulioletwa Rwanda baadaye. Québec ilikata mashamba kuwa vipande virefu vyembamba, nyumba zikifuatana kandokando ya njia. Rwanda ya kale ilitawanya nyumba vilimani. Miaka ya 1950 Wabelgiji wakaanzisha paysannat, ambapo kila familia ilipewa takriban hekta mbili na nyumba zikapangwa mstari. Kuanzia mwaka 1996 serikali ikawakusanya watu katika imidugudu, yaani vijiji vya pamoja. Vijiji vya Ujamaa vya Tanzania, vyenye wazo kama hilo, havihitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili.

Kinachohitaji maelezo ni lugha za Kigali. Mwaka 1963 padre wa Québec, Georges-Henri Lévesque, alianzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda huko Butare, na kizazi kizima kikasomea Kifaransa. Mwaka 2008 serikali ikaamua kwamba ufundishaji uhamie Kiingereza. Mwaka 2009 nchi ikaingia Jumuiya ya Madola. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nne. Mwaka 2018 Mnyarwanda Louise Mushikiwabo akachaguliwa kuongoza jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa, na mwaka 2021 Rais Macron wa Ufaransa akaja kufungua kituo cha utamaduni wa lugha hiyo.

Matokeo yake sebule moja hugawanyika vipande vitatu: babu anaifuata filamu bila maandishi ya chini, mjukuu anataka Kiingereza, na mgeni wa mtaa wa Nyamirambo anayeishi kwa Kiswahili anabaki kutazama nyuso. Dar es Salaam mambo ni mepesi zaidi, kwani mtafsiri wa kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video, hupaza sauti juu ya picha na kila mtu akaelewa. Kigali nayo ina wasimulizi wake, wale wa agasobanuye, ila wanasimulia kwa Kinyarwanda, na kazi ya mwaka 1934 isiyo na rangi wala ngumi si bidhaa yao.

Watoto wa wageni hawa wa Kiswahili ndio wanaoamua mwisho wa mjadala wa lugha. Mtoto wa Kiswahili anayekulia Kigali ana Kiingereza cha darasani na Kinyarwanda cha uwanjani. Kwa Kiswahili humjibu mama yake tu, tena kwa neno mojamoja. Akiwekewa Maria Chapdelaine, posa hazimshughulishi. Anauliza kwa nini François hakungoja theluji ikome, nani alihesabu zile sala elfu, na ng'ombe hulala wapi. Anauliza pia kwa nini Maria haongei. Mzazi aliyejiandaa kueleza siasa za uhamiaji hujikuta akieleza jinsi maji yanavyoganda, na kabla Lorenzo hajaja kuposa, mtoto ameshaomba simu.

Kwa sebule za namna hiyo yapo matoleo ya baadaye: la Marc Allégret la mwaka 1950, akiwemo Michèle Morgan, la Gilles Carle la mwaka 1983, akiwemo Carole Laure, na la Sébastien Pilote la mwaka 2021, akiwemo Sara Montpetit. Haya mawili ya mwisho yaliongozwa na watu wa Québec. La 2021 ndilo rahisi kuanza nalo pamoja na watoto, na la Duvivier linafaa kufuata wakishalala.