Mkulima Ajiangalie Kama Amwangaliavyo Ng'ombe Wake

Mkulima, ukiamka asubuhi na kuona ng'ombe wako ameacha kula, hungoji. Unamshika masikio kuona kama yana moto, unapapasa tezi chini ya sikio kwa kuogopa ndigana, na kabla jua halijapanda umekwisha kumpelekea habari daktari wa mifugo. Hivyo ndivyo itakiwavyo. Lakini wewe mwenyewe unaumwa kichwa majuma mawili, unanunua vidonge dukani na kurudi kwenye jembe. Mwezi huu tutazungumza juu ya yule mfanya kazi wa shamba ambaye hakuandikwa katika daftari lolote, yaani mwenye shamba.

Wengi hufikiri kuwa mzima ni kutolala kitandani. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inasema zaidi ya hayo: afya ni hali njema kamili ya mwili, ya akili, na ya kuishi na watu, wala si kukosa ugonjwa tu. Maneno hayo ni makubwa, lakini yanaenea vizuri katika eka chache za skimu.

Tuanze na presha ya damu, maana hiyo ndiyo inayowaangusha watu wenye nguvu zao. Moyo husukuma damu katika mishipa kama pampu isukumavyo maji katika mpira. Nguvu ikizidi kwa miaka mingi, mishipa huharibika. Mmoja ukiziba au kupasuka kichwani, mtu hupata kiharusi, akapooza upande mmoja au akafa. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi presha haina dalili hata moja. Mtu hubeba gunia la viazi asubuhi, na jioni yuko chini. Mnajua yanayofuata. Ng'ombe huuzwa ili kulipa hospitali, shamba hukodishwa, na kijana huacha shule aje kukamua.

Kwa hiyo usingoje kuumwa. Humpeleki ng'ombe joshoni kwa kuwa ni mgonjwa. Unampeleka ili asiugue. Kupimwa presha ndilo josho lako. Hakuna sindano: mkono hufungwa kitambaa kinachojazwa hewa, na kwa dakika chache unapewa hesabu mbili. Ya 120 kwa 80 ni njema. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na siku nyingine ikaonekana hivyo hivyo, huo ni ugonjwa wa kutibiwa. Mwaka 2023 Serikali iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba ya vifaa, na kimojawapo ni mashine ya presha. Mhamasishaji akija kwako, usimwachie mama na watoto huku wewe ukijificha zizini. (Wanaume ndio wenye tabia hiyo.) Ukipewa dawa, meza kila siku. Wengi huziacha wakiona presha imeshuka, nao husahau kwamba ni dawa iliyoishusha. Na chumvi yote ya siku, kwa mtu mzima, isizidi kijiko kimoja cha chai.

Jambo la pili ni mtungi wa maziwa. Tunafurahi kuona maziwa mengi yakienda kuuzwa, lakini si vizuri mtoto wa mwenye ng'ombe kunywa chai ya rangi. Pima kwanza kikombe kimoja kwa kila mtoto, kichemshwe, ndipo mtungi utoke. Mayai nayo yasiende sokoni yote. Kando ya jiko panda sukuma wiki, terere na maharagwe; ugali mtupu hujaza tumbo tu.

Jikoni hapo hapo, fungua dirisha na utumie kuni kavu, kwani moshi huharibu mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni. Ukipiga dawa ya viazi, vaa nguo za mikono mirefu, glovu na buti, usisimame upepo unakotoka dawa kuja kwako, na uoge kabla ya kula.

Sasa usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukamua, basi saa nne usiku awe amelala. Lakini mara nyingi kinachofukuza usingizi si kazi, ni deni la shamba na bei ya mazao. Mweleze mwenzako wa nyumbani hesabu yote ya deni, kwa maana deni linalojulikana na mtu mmoja huwa zito kuliko fedha zake. Pombe haisaidii: huharibu usingizi, hupandisha presha, na hula zile fedha za kulipa deni lenyewe. Mawazo yakikukaa majuma mawili, hamu ya chakula ikapotea, na kazi uliyoipenda ikakuchosha kabla hujaianza, huo si uvivu wala hukurogwa. Ni ugonjwa, na matibabu yake yapo. Mwone mganga wa kituo cha afya umwambie waziwazi.

Siku ya malipo ya maziwa, kabla hujapita dukani, pitia zahanati upimwe. Zile hesabu mbili uziandike katika daftari lako la maziwa, pamoja na tarehe, na umwonyeshe mganga utakaporudi.