Upepeo wa manyoya: Kabla ya kuvuka nao mpaka, zikague mbavu zake

Na Mwandishi Wetu

WAPO wanaorudi nyumbani kutoka Ulaya na upepeo wa kale wa manyoya ya mbuni, umeviringishwa kitambaa chini ya sanduku. Wapo pia wafanyabiashara wa mpakani wanaoletewa upepeo kama huo na kuulizwa bei. Kabla ya kutoa fedha, ni vyema kujua umeundwaje, kwani kosa moja laweza kukufikisha mahakamani.

Pepeo hizo zilipendwa sana na mabibi wa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Manyoya mengi yalitoka Afrika Kusini, hasa Oudtshoorn. Mwaka 1913 manyoya ya mbuni yalishika nafasi ya nne kati ya bidhaa ambazo nchi hiyo iliuza nje, baada ya dhahabu, almasi na sufu. Mwaka 1914 soko likaanguka na wafugaji wengi wakafilisika.

Upepeo una mbavu nyembamba, na mbili za pembeni ni nene ili kulinda zilizo katikati. Chini zimeshikwa na msumari mmoja mdogo. Juu zimeunganishwa kwa utepe. Kila ubavu umefungiwa unyoya, na mara nyingi unaouona mmoja ni manyoya mawili au matatu yaliyoshonwa pamoja ili yaonekane mazito.

Usiufungue kwa nguvu, maana utepe wa hariri ukizeeka hukatika. Tazama kama wadudu wametafuna manyoya. Jua hufifisha rangi na kuyafanya yavunjike. Usiuoshe kwa maji, gundi itaachia. Uweke ndani ya boksi, pakavu na gizani.

Jambo zito ni mbavu. Zaweza kuwa za mbao, mfupa, pembe ya ndovu, gamba la ng'amba, au seluloidi iliyotengenezwa kuiga hivyo viwili vya thamani. Mfupa huwa na vidoti vidogo vyeusi. Mistari ya seluloidi imenyooka mno, na ukiisugua hunuka kafuri. Wengine hupima kwa sindano ya moto. Msithubutu! Seluloidi hushika moto upesi.

Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo zote ni wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ndovu na ng'amba wanalindwa vikali na mkataba huo. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1990. Kusema "hiki ni cha kale, ni cha bibi yangu" si kibali. Uliza ofisi ya wanyamapori kabla ya safari, upate hati ya maandishi, nawe utunze risiti ya ununuzi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa upepeo wenye mbavu za pembe, huenda ukapotea na mwenyewe pia.