Kuvuta na Kukuza katika Kamera Ndogo ya Dijitali

Mfasiri wa kijitabu cha maelekezo ya kamera ndogo ya dijitali hukutana na dhana mbili ambazo aghalabu huzitia zote katika kitenzi kimoja, kukuza. Anayepata hasara ni mnunuzi.

Tuchukue mtu aliyesimama penye Mnara wa Saa, Arusha, akiielekeza kamera kaskazini, kwenye kilele cha Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Katika dhana ya kwanza vioo vya lenzi husogea, na taswira ya kilele hufika ndani ya kamera ikiwa kubwa zaidi. Pikseli zote hutumika. Katika dhana ya pili lenzi haifanyi kazi yoyote: kamera hukata sehemu ya kati ya picha na kuitanua. Akifanya hivyo mara mbili kwa kamera ya pikseli milioni 12, hubakiwa na milioni 3 tu, yaani robo, kwa kuwa upana na kimo vyote vimekatwa nusu. Makorongo ya mlima hufifia.

Baadhi ya wapiga picha husema “vuta”. Neno hilo lafaa kwa dhana ya kwanza: uvutaji wa lenzi. Kukuza nako kubaki kwa dhana ya pili. Hata enzi za filamu, picha iliyokuzwa haikuongezewa kitu isipokuwa ukubwa. Na pale sanduku la kamera linapotaja “mara 5”, mfasiri hana budi kueleza kama ni za uvutaji au za ukuzaji.