Mpishi wa Kikosi Aketishwa Mezani

Wasomaji wetu wa kambini na wa vituo vya polisi wamezoea nyama za namna mbili. Ipo ile ya sufuria kubwa ya kikosi, ikatwayo kwa shoka na kuchemshwa hata mchuzi ukatosha watu mia. Na ipo muchomo, iuzwayo jioni kandokando ya njia. Ya tatu wengi wetu twaijua kwa harufu tu, pale inaponukia nyuma ya ukuta nasi tumo katika lindo. Hiyo ndiyo tuliyokwenda kuila mwezi uliopita huko Kololo, mjini Kampala, tukiwa watu wanne.

Aliyesababisha safari hiyo ni sajini mmoja mpishi, ambaye baada ya miaka 24 ya utumishi alikuwa anastaafu. Sherehe ya kikosi haifanyiki bila chakula, na chakula cha kikosi chetu hupikwa naye. Kwa hiyo hata karamu ya kumwaga yeye mwenyewe angaliipika yeye. Tukaona hilo si haki. Tukachanga shilingi 350,000, tukavaa kiraia, tukampeleka mahali ambapo angeketi na wengine wamhudumie.

Hapana budi tueleze kwa nini mzee huyu anastahili. Uganda ilipeleka askari Mogadishu mwezi wa Machi 2007, naye alikuwako mwaka 2009, wakati ambapo ugonjwa wa beriberi ulizuka miongoni mwa majeshi ya Umoja wa Afrika yaliyokuwa mjini humo. Askari zaidi ya 200 walivimba miguu, na wanne wakafa. Hawakupigwa risasi, chakula chao kilikosa vitamini B1 ya kutosha, na walipopewa vitamini hiyo ugonjwa ukarudi nyuma. Mzee huliongea jambo hili kwa sauti ya chini. Asema kwamba tangu siku zile haamini sahani iliyojaa, mpaka ameona imejaa nini.

Basi tukaketi. Vitambaa vyeupe, visu vizito vyenye mpini wa mti, na kadi ya vyakula yenye jalada la ngozi. Sarara, yaani ile nyama laini ya mgongoni, iliandikwa shilingi 75,000 sahani moja. Kijana wetu koplo dereva akasoma tarakimu hizo mara mbili, akanywa maji.

Mhudumu, kijana mwenye adabu nyingi, alitueleza kwamba nyama ile ni ya ng'ombe wa Ankole, nayo hutundikwa katika chumba cha baridi kwa siku nyingi kabla ya kupikwa, hata ikalainika yenyewe. Maneno hayo ni ya kweli. Ng'ombe wa pembe ndefu hutembea sana kutafuta majani na maji, hana mafuta mengi, na nyama yake ikiliwa upesi baada ya kuchinjwa huwa ngumu. Nyama ya buchani kwetu huchinjwa usiku, ikauzwa asubuhi, ikaliwa mchana. Haipati nafasi ya kupumzika. Ama sarara, ng'ombe mmoja anayo misuli miwili tu ya namna hiyo, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na misuli hiyo hufanya kazi kidogo kuliko ile ya mapaja na mabega.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatugeukia. "Afande," akasema, "kumbe hata ndani ya ng'ombe, asiyefanya kazi ndiye mwenye bei."

Kijana akauliza kila mtu aipendavyo nyama yake: yenye damu, iliyoiva nusu, au iliyoiva kabisa. Sisi, tukitaka kuonyesha kwamba tulisoma chuo cha maofisa, tukaagiza iliyoiva nusu. Mzee akaagiza iliyoiva kabisa. Mhudumu akatabasamu kidogo, akasema kwamba wataalamu hawapendekezi hivyo, nyama itakauka.

"Mwanangu," mzee akamjibu, "mimi nimepikia watu ambao hawana ruhusa ya kuugua. Ng'ombe huwa na vijifuko vya tegu, na moto ndio unaoviua. Mkaguzi hutazama, hupiga mhuri wake, lakini macho yake ni mawili tu. Niletee iliyoiva."

Kwa maoni yetu mzee hakukosea, na wala askari asione haya kula apendavyo kwa fedha yake. Twakiri hata hivyo kwamba ile yetu ilikuwa tamu ajabu: nje imekaushwa na makaa hata ikawa na ganda la hudhurungi, ndani laini kama ini. Tulimpa mzee kipande aonje. Alitafuna kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema chumvi imewekwa na mtu anayejua kazi.

Tulipomsihi aagize na aiskrimu, alikataa kabisa. Tulidhani ni adabu ya mgeni. Ikaja bili. Sahani nne, shilingi 300,000. Soda nne, 24,000. Na chini yake kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ambayo ni shilingi 58,320. Jumla 382,320. Bei za kwenye kadi hazikuwa na kodi ndani yake, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa ukurasa wa mwisho kwa herufi za mchwa. Nasi, watu wa kuandikia wengine matangazo, hatukuzisoma.

Tuliinama chini ya meza tukipapasa mifuko. Koplo akatoa fedha ya petroli. Ndipo tukaona mkono wa mzee umekwisha weka noti mbili za elfu ishirini juu ya kitambaa, zimekunjwa tayari.

"Nilisoma mapema," akasema. "Mtu wa stoo huanza kusoma karatasi kutoka chini."

Tulimrudishia noti zake kwa nguvu, akazipokea baada ya kubishana sana, na petroli ya kurudia kambini tukaikopa. Kisha akamwita yule mhudumu, akamwomba amfungie nusu ya nyama yake iliyobaki. Alitaka mkewe aonje kitu cha bei ya kuku watatu, amwambie kama na yeye anaona tofauti.