Kifafa na ubongo: kwa nini hata asiyekula nguruwe yumo hatarini

Katika usiku usio na mwezi, wavuvi wa Rumonge huwasha taa Ziwani Tanganyika ili kuwavuta ndagala. Kwa mvuvi mwenye kifafa, kuanguka ghafla majini kunaweza kuwa mauti. Hata hivyo, wapo wanaoamini kuwa maradhi hayo huletwa na mapepo. Chanzo chake kimo ubongoni.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, nao hulindwa na fuvu, tando tatu na majimaji. Ubongo mkubwa umegawanyika nusu mbili: ya kushoto huongoza upande wa kulia wa mwili, na ya kulia huongoza wa kushoto. Eneo la mbele hupanga na kuviendesha viungo. La utosini hupokea hisia za mguso. La ubavuni, karibu na masikio, husikia na kuhifadhi kumbukumbu. La kisogoni huona. Chini ya kisogo upo ubongo mdogo, unaomwezesha mvuvi kusimama mtumbwini bila kupepesuka. Shina la ubongo, linaloungana na uti wa mgongo, husimamia pumzi na mapigo ya moyo.

Chembe za neva huwasiliana kwa umeme hafifu. Umeme huo ukivurugika, kifafa hutokea. Vurugu ikianzia eneo linaloendesha mkono, mkono hutetemeka; ikianzia kisogoni, mgonjwa huona mimweko; ikienea ubongo mzima, huzirai na kuanguka.

Miongoni mwa visababishi vinavyojulikana Burundi ni tegu wa nguruwe. Wasiokula nyama hiyo hudhani wamesalimika. Sivyo. Nyama isiyoiva humpa mlaji mnyoo wa tumboni, lakini mayai ya mnyoo huyo hutoka na kinyesi cha binadamu. Anayeyameza katika maji, mboga au kwa mikono michafu huweza kupata vifuko vya mnyoo ubongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa palipoenea tegu huyo, takriban asilimia 30 ya kifafa hutokana naye.

Kinga ni kutumia choo, kunawa mikono kwa sabuni, kuosha mboga na kuivisha nyama.

Mtu akianguka, mlaze ubavu na usimtie chochote kinywani. Mate yake hayaambukizi kifafa. Mtukutiko ukizidi dakika 5, apelekwe hospitali. Kwa dawa zinazofaa, hadi asilimia 70 ya wagonjwa huweza kuishi bila kuanguka. Mpaka hapo, mvuvi mgonjwa asiingie ziwani peke yake.